Machi 2021: Somo la Katiba Nililoliona kwa Macho



Wanafunzi wengi huichoka mada ya Katiba kwa sababu huisoma kama orodha ya ibara za kukariri. Mimi nimeiona ikifanya kazi ndani ya siku mbili tu. Wakati huo wewe ulikuwa bado shule ya msingi, kwa hiyo acha nikusimulie.

Usiku wa Jumatano, tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kwamba Rais John Pombe Magufuli amefariki dunia. Msiba huo ulikuwa wa aina yake. Mwalimu Nyerere aling'atuka mwaka 1985. Mwinyi, Mkapa na Kikwete walimaliza mihula yao na kukabidhi madaraka mwaka 1995, 2005 na 2015. Kabla ya hapo Tanzania haikuwahi kufiwa na Rais aliye madarakani, na huyu alikuwa ameapishwa kwa muhula wa pili Novemba 2020, hata miezi mitano haijatimia.

Kulipokucha, kila kona watu waliulizana: nchi iko mikononi mwa nani? Je, tutarudi kupiga kura? Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, alinunua unga na sukari ya kutosha mwezi mzima. Alisema amesikia habari za nchi ambazo kiongozi akifa, wakubwa hugombania kiti na wanyonge ndio huumia. Hofu yake sikuicheka, kwani wengi wetu tulikuwa nayo, ila hatukuitamka.

Darasani siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia kitu kingine. Tukafungua Katiba, Ibara ya 37(5). Inasema kiti cha Rais kikiwa wazi kwa sababu ya kifo, Makamu wa Rais ataapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki wa miaka mitano. Kisha, baada ya kushauriana na chama chake, atapendekeza jina la Makamu mpya, nalo litathibitishwa na Bunge. Nilimwona mwanafunzi mmoja akiisoma ibara ile mara mbili, kidole kikifuata mstari.

Ijumaa, tarehe 19, tulikusanyika bwaloni mbele ya televisheni. Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma, mama aliyejitanda kilemba chekundu alishika Kurani na kula kiapo. Tanzania ikapata Rais wa sita, na wa kwanza mwanamke. Msichana mmoja alinong'ona, "Kumbe ni sisi pia." Hakuna aliyemjibu, bwalo zima lilikuwa kimya. Tulikuwa tunaomboleza na kushuhudia historia kwa wakati mmoja, na moyo haukujua ushike lipi.

Mvulana mmoja akauliza swali zuri: "Mwalimu, je, ataruhusiwa kugombea mara mbili tena?" Jibu limo katika Ibara ya 40(4). Aliyeshika kiti kwa muda uliobaki usiofika miaka mitatu anaweza kugombea mara mbili. Aliyeshika kwa miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Piga hesabu mwenyewe kuanzia Machi 2021 hadi uchaguzi wa Oktoba 2025.

Tarehe 26 Machi Rais Magufuli alizikwa Chato. Tarehe 31, Philip Mpango aliapishwa kuwa Makamu wa Rais baada ya kuthibitishwa na Bunge. Unga wa jirani yangu uliliwa taratibu, kama unga wowote.

Basi, ukiulizwa umuhimu wa Katiba, usiishie kuandika kwamba "ni sheria mama". Taja tukio, taja tarehe, taja ibara, kisha eleza iliwaondolea wananchi hofu gani. Msahihishaji husoma maelfu ya majibu yanayofanana. Mpe lenye ushahidi. Na zaidi ya alama, kumbuka kwamba mwakani au mwaka unaofuata utakuwa mpiga kura. Ibara hizo zitakuwa zako kuzilinda.