Ukifungua bomba Kisarawe, unakunywa Uluguru!

Wikiendi iliyopita niliukimbia mji. Si unajua tena msomaji wangu, joto la Dar na mfuko uliotoboka! Jumamosi nikadandia daladala hadi Kibaha, nikaunganisha Mlandizi, kisha nikasogea mpaka daraja la Ruvu.

Maji yana rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda taratibu kama hayadaiwi na mtu. Kumbe ndiyo hayo hayo tunayooga! Mtambo wa Ruvu Juu uko hapo Mlandizi, Ruvu Chini uko Bagamoyo, na sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka huko.

Ila mto hauanzii Kibaha. Unateremka kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, yenye kilele kinachozidi mita 2,600. Msitu wa kule unanasa ukungu, na udongo wake unafyonza mvua kama sponji, halafu unaiachia kidogo kidogo hata kiangazi. Fyeka miti uone: mvua inashuka yote kwa mkupuo, imebeba na udongo, halafu mto unabaki mchanga.

Na siku hizi mvua yenyewe haitabiriki. Oktoba 2022 mmeisahau? Mvua zilikata, Ruvu ikanywea, DAWASA ikatangaza mgao. Mtoto wa mjini nikawa nabeba ndoo saa nane za usiku!

Serikali haikulala. Tangu 2008 msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia. Novemba 2022 ukasainiwa mkataba wa bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190. Safi sana. Lakini bwawa ni ndoo tu, bomba la kuijaza liko mlimani.

Jumapili nikapanda Kisarawe kupitia Gongo la Mboto. Hewa mwanana, acha tu! Kuna msitu wa Pugu-Kazimzumbwi unaotunzwa na TFS, kuna bwawa la Minaki, kuna pango la popo. Bomba la mji huu wa kilimani nalo linaleta maji ya Ruvu tangu 2020, yakipitia Kibamba. Na vilima hivi ndiko unakoanzia mto Msimbazi, ule unaowafurika watu wa Jangwani. Kwa hiyo mti ukianguka Uluguru tunapata kiu, ukianguka Kisarawe tunaogelea.

Kando ya barabara nikamkuta mama mmoja na mihogo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkaa hutaki? Wa huku rahisi."

Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Nikajikaza, nikamuuliza kama haoni msitu unakwisha.

Akacheka. "Nyie wa mjini msiponunua, nani atakata?"

Nilinyamaza kimya. Mkakati wa serikali wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Maneno mazuri, lakini mkaa unanunua kwa kopo, mtungi wa gesi unataka hela yote siku moja. Hapo ndipo panapotushinda kina sie, na hapo ndipo serikali ingeanzia.

Nikanunua mihogo, nikarudi zangu. Nafika nyumbani, bi mkubwa ananipokea mlangoni:

"Umetoka Kisarawe mikono mitupu? Mkaa uko wapi?"

Mihogo ilipikwa kwa mkaa wa dukani, makopo mawili. Nimekula, lakini haikushuka vizuri.