Mwenye Kadi ya Muda

Hapa Chikongola, Mtwara, kazi iliyonilisha inaitwa kwa utani uutingo wa gari la mbio. Sichukii, utingo wa lori la korosho anajua mengi kuliko anavyolipwa. Ila imani iliyojificha ndani ya utani huo, kwamba msoma ramani ni abiria tu na ushindi wote uko mikononi mwa dereva, haisimami ukiipima kwa kanuni za mchezo wenyewe. Dereva anatafuta kasi. Kama kasi hiyo itamfaa au itampotea bure, hilo linaamuliwa kwenye kiti cha pembeni.

Gari la mbio hutoka kituo kimoja cha muda hadi kingine likiwa limepangiwa dakika yake. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la mchezo wa magari duniani, ukichelewa kituoni unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi, unaongezewa dakika nzima. Kwa hiyo mwenye haraka asiye na wa kumzuia huumia mara sita kuliko mzembe. Ndiyo maana msoma ramani hushuka, akasimama karibu na meza ya msimamizi na kadi mkononi, macho kwenye saa, mpaka dakika yake iingie ndipo aikabidhi. Wapiga picha hawana habari naye. Lakini mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza mbio za Safari Rally za Afrika Mashariki wakiwa na adhabu sawasawa. Ushindi alipewa Mehta na msoma ramani wake, Lofty Drews, kwa sababu walikuwa wamefika mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Kuna wanaonijibu kwa jina la Joginder Singh: alishinda Safari mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na David Doig. Msaidizi akibadilika na ushindi ukabaki, wanasema, basi msaidizi si kitu. Nakubali kwamba kipaji cha Joginder hakikutoka kwa mtu mwingine. Hata hivyo, Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty yuleyule, na mataji yote tisa ya dunia ya Sébastien Loeb aliyatwaa na Daniel Elena. Hili si suala la mazoea tu. “Kulia nne, mita 80, kushoto tatu inabana, usikate.” Maneno hayo husomwa wakati gari bado liko kwenye kona ya nyuma, macho yakiwa daftarini na barabara ikisikika kwa makalio. Ukisoma mapema mno, dereva anasahau. Ukichelewa, kona imeshafika. Pengo hilo kati ya usomaji na kona ni tofauti kwa kila dereva, na hakuna anayejifunza kulipima kwa wiki moja.

Wengine wanasema mitambo imetumaliza. Mtu wa Mtwara, aliyeijua barabara ya Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 na kabla lami haijakamilika, angepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Mtambo unapima umbali. Haujui kwamba mvua ya usiku imekula ukingo ulioandikwa daftarini juzi kuwa salama. Hata katika Safari ya zamani, timu kubwa zilipotanguliza helikopta, onyo lilikuwa halina faida mpaka mtu ndani ya gari aliingize mahali pake katikati ya usomaji.

Na hatari? Dereva haibebi peke yake. Mwaka 2005, kwenye mashindano ya Wales, gari la Markko Märtin liligonga mti upande wa msoma ramani wake, Michael Park. Märtin alitoka mzima; Park alifariki. Loeb, ambaye ushindi ungemhakikishia ubingwa siku ileile, alijitwisha adhabu ya dakika 2 kwa makusudi ili asiupate kwa namna hiyo.