Trekta la Kumwonyesha Nani?

Mwaka 2006 sisi ndugu wanne tuishio Uingereza tulichanga, tukampelekea mama Iringa trekta la nguvu ya farasi 75. Shamba lenyewe ekari sita! Kusema kweli, tulitaka kijiji kione. Trekta likanywa dizeli, likashindwa kugeuka kati ya miti ya matunda, na uzito wake ukashindilia udongo hata maji ya mvua yakatuama. Na miongoni mwetu yumo mhandisi. Mama hakulalamika, aliacha kuku watage chini ya trekta. Tulipoliuza ili tununue la farasi 25, tulimwuliza kwanza: kazi gani, zana gani, njia ina upana gani? Alijibu yote papo hapo. Hata mara ya kwanza angalijibu. Hatukumwuliza.