Mkono wa Gia Uliolegea

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta tumeifundisha darasani kwa miaka mingi, na wanafunzi huikamilisha kwenye mtihani bila kusita. Kuitumia ndiko kugumu. Mwaka huu nimeiona ikifanya kazi mahali nisipopatarajia: ndani ya gari dogo la spoti, lenye viti viwili, ambalo shemeji yangu ameniachia nilitunze hapa Kampala wakati yeye yuko kazini ng'ambo.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster, jina ambalo kampuni ya Mazda ililitumia nchini Japani kwa gari linalojulikana kwingineko kama MX-5. Lilionyeshwa Chicago mwaka 1989, na kizazi chake cha kwanza kiliundwa hadi mwaka 1997. Usukani wake uko kulia, hivyo linafaa barabara za Uganda. Lakini tangu sheria yetu ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo gari la umri huu likifa, hakuna jingine litakaloshushwa bandarini kuja kushika nafasi yake. Aliye nalo hana budi kulitunza.

Mkono wake wa gia ulikuwa umelegea. Gia ikiwa huru, mkono ulitikisika kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Kuitafuta gia ya tatu kulikuwa kama kupapasa swichi gizani. Jambo hili si la usumbufu tu. Dereva anayetoka gia ya tatu akidhani anaingia ya nne, kumbe ameingia ya pili, huilazimisha injini kuzunguka kupita uwezo wake. Na kwa kuwa gari hili huendeshwa na magurudumu ya nyuma, magurudumu hayo yanaweza kupoteza mshiko ghafla. Kwenye mteremko wenye utelezi, kosa la namna hiyo linaweza kugharimu uhai.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, fundi aliutikisa mkono mara mbili, akatoa hukumu: giaboksi imekwisha, inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilizidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Sikuwa na elimu ya kumpinga, lakini pia sikuwa nimeonyeshwa sababu ya kumwamini. Nikamwendea mzee mmoja ambaye amekuwa akitengeneza magari tangu nikiwa mwanafunzi.

"Mwalimu," aliniambia, "kabla hatujamhukumu mtu, tumsikilize."

Alianza na injini ikiwa imezimwa. Akaingiza gia zote tano na ya kurudi nyuma, moja baada ya nyingine. Zote ziliingia. Kisha akaiwasha injini, akakanyaga klachi na kurudia. Akanieleza kwamba gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma ikiwa imewaka, basi mshukiwa wa kwanza ni klachi isiyoachia sawasawa. Hapa hazikugoma. Mwishoni alilipeleka gari barabarani akisikiliza. Gia inayokwaruza kila inapoingizwa huashiria kuchakaa kwa vikuku vya shaba vinavyosawazisha mwendo wa gia. Gia inayoruka na kutoka yenyewe huashiria ubovu wa ndani zaidi. Hatukusikia mkwaruzo, wala hakuna iliyoruka.

"Sanduku ni zima, Mzee?" nikamuuliza.

"Sanduku ni zima. Kilichochoka ni kiungo kati ya mkono wako na sanduku."

Tulianza kazi gari likiwa mahali tambarare, magurudumu yamewekewa mawe. Mzee alifungua kitasa cha gia, akaondoa kifuniko cha katikati ya viti, kisha akazifungua boliti nne zinazoshikilia raba kubwa inayozuia joto na kelele. Chini yake palikuwa na raba ndogo, imepasuka pande mbili. Hapo alisimama, akatwaa kitambaa na kufuta vumbi na mchanga kote kabla ya kufungua boliti za mwisho. Kila punje inayoangukia ndani, alisema, itakaa humo ikisaga.

Mkono ulipochomolewa tuliona kisa chote. Ncha yake ya chini ni tufe dogo la chuma, nalo huvishwa kikombe cha plastiki ngumu ambacho ndicho kinachokaa ndani ya rodi ya kuchagulia gia. Kikombe hicho, kisichofika ukubwa wa kizibo cha chupa ya soda, kilikuwa kimevunjika vipande. Mzee alivitoa vyote, akavipanga juu ya gazeti na kuviunganisha kama mtoto anayecheza fumbo la picha, ahakikishe hakuna kilichobaki ndani. Chumba kinachobeba mkono wa gia katika gari hili kina oili yake, na ile ya giaboksi haipandi kwa urahisi kukijaza. Chetu kilikuwa kikavu.

Bushi na raba mpya tuliziagiza, tukangoja. Kuna waliotushauri tukate kipande cha bomba la maji tukivishe pale. Mzee alikataa, kwa sababu plastiki isiyoundwa kustahimili joto na oili hulainika, na mwezi ujao tungefungua tena. Vipuri vilipofika, alikivisha kikombe kipya kwa grisi kidogo, akamimina oili mpya ya 75W-90 isiyofika mililita 100, akafunga raba mpya na kuzikaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo, ili kifuniko kikae sawa. Gia ya tatu sasa huingia kwa mguso wa vidole viwili. Gharama yote, pamoja na ujira wa Mzee, haikufika hata nusu ya mshahara wa mwezi mmoja.

Nimeyaandika haya hapa, katika ukurasa wa uraia, kwa sababu naona tunazihukumu taasisi zetu kama yule fundi wa kwanza. Katika vijiji vyetu vingi maji hutoka kwenye pampu za mkono aina ya U2, ambazo asili yake ni India Mark II. Ndani ya silinda yake mna vikombe vya raba vinavyochakaa kwa sababu kazi yao ni kusugua. Vikichakaa, pampu husukumwa sana na hutoa maji machache, mwishowe hukauka. Mara nyingi kisima bado kina maji. Kilichokosekana ni kikombe cha raba, ujira wa fundi, na kamati ya watumiaji maji inayokutana, kukusanya michango na kusoma hesabu mbele ya watu. Nasi husema kisima kimekufa, tukaomba kingine.

Katiba ya mwaka 1995, Ibara ya 17, inataja miongoni mwa wajibu wa raia kulinda na kuhifadhi mali ya umma. Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Nazisoma ibara hizi mbili pamoja. Huwezi kuhifadhi usichokijua hali yake, na kuijua hali yake ndiko alikokufanya Mzee alipoingiza gia moja moja na kusikiliza.

Wala sidai kwamba kila ubovu ni wa bushi. Ziko giaboksi zilizokwisha kweli, na ziko kamati na ofisi zisizotengenezeka kwa kubadilisha kipande kimoja. Mzee naye asingesita kulishusha sanduku zima kama lingenguruma. Ninachokataa ni hukumu isiyotanguliwa na uchunguzi, iwe ya kutupa au ya kusifu.

Basi, ndugu msomaji, mkutano ujao wa kijiji chako ukifika, uliza maswali matatu kuhusu pampu, zahanati au shule iliyo karibu nawe: ni sehemu gani huchakaa kwanza, ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na fedha za kuibadilisha safari ijayo ziko wapi. Majibu yaandikwe katika daftari la kumbukumbu, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma.