Wa Kushikilia

Nchi hii kuna kazi moja ambayo kila mtu anajiona ana haki ya kusema nani aajiriwe: ukocha wa Yanga. (Na wa Simba pia, lakini hayo wakaongee wenyewe.) Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa, sisi tunasikia redioni. Mkuu wa shule anahamishwa, wanafunzi wanamkuta mpya mstarini Jumatatu. Lakini kibarua cha kocha kikianza kuota nyasi, muuza mitumba, mwalimu, dereva wa bodaboda na mzee mstaafu wanakaa benchi moja kuchambua wasifu wa mtu ambaye hawajawahi kumwona, kana kwamba barua ya ajira itasainiwa hapohapo.

Novemba 2024 tulikuwa na wiki ya namna hiyo. Tarehe 2 Yanga ilifungwa 1-0 na Azam. Tarehe 7 ikafungwa 3-1 na Tabora United. Miguel Gamondi, Mwargentina aliyetupa ubingwa na zile tano tulizowapiga Simba mwaka mmoja kabla, ghafla akawa mtu wa kuulizwa, "Hivi bado yupo?"

Kijiwe chetu kiko karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro mjini, mahali ambapo ukiinua macho juu ya mabati unaiona Uluguru imejifunika wingu. Huwa naenda na mjomba wangu. Mara nyingi mwanamke ni mimi peke yangu. Nimezoea, wakinikatiza, naongeza sauti.

Jioni ile majina yalimiminika. Mmoja alimtaka Nasreddine Nabi arudi, aliyetufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho 2023. Akajibiwa kwamba Nabi yuko Kaizer Chiefs, na mshahara wa kule tusijidanganye. Mwingine alitaka kocha yeyote wa Afrika Kaskazini, "maana hawa wanazijua fitina za Afrika." Kijana wa bodaboda alikuwa na Mreno aliyemtoa kwenye simu, ila jina lilimshinda kutamka. Nikauliza: mzawa je?

Wakacheka. Hawakucheka kwa dharau. Walicheka kama nimeuliza kama mvua inaweza kunyesha kutoka chini. Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida hachangii, akasema huku anasuuza vikombe: "Mzawa wa kushikilia, sawa."

Nasoma shahada ya uzamili Mzumbe, usimamizi wa rasilimali watu. Darasani tuna maneno mengi ya kistaarabu kwa jambo hili, ila hakuna linalofikia la muuza kahawa. Hebu tuhesabu. Novemba 2019 Yanga ilipoachana na Mwinyi Zahera, timu alipewa Boniface Mkwasa. Januari 2020 akaja Luc Eymael. Machi 2021 aliondoka Cedric Kaze, akashika Juma Mwambusi. Aprili akaja Nabi. Upande wa pili, Septemba 2022 Simba ilimkabidhi timu Juma Mgunda. Akaivusha hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akiifunga Primeiro de Agosto kwao na hapa kwetu. Januari 2023 akaletwa Mbrazili Robertinho, Mgunda akasogea kuwa msaidizi. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha alipoondoka, aliyeitwa kushika timu ni Mgunda tena. Msimu ulipoisha akaletwa Fadlu Davids.

Neno hilo liliniuma kwa sababu nalijua. Baada ya shahada ya kwanza nilijitolea katika ofisi moja kwa miezi kumi na minne. Afisa mwenye kiti alihama, nikaambiwa nishikilie. Nilishikilia mafaili, likizo za watu, malalamiko ya watu, kwa posho ya nauli. Kila nilipouliza nafasi itatangazwa lini, niliambiwa ninafanya vizuri sana. Ilipotangazwa ilitaka uzoefu wa miaka mitatu. Aliyeipata ni dada mmoja mwema. Nilimfundisha kazi kwa wiki mbili.

Kwa hiyo nilitegemea mjomba angenitetea pale kijiweni. Mjomba ana leseni D ya CAF, na kila jioni anafundisha watoto wa chini ya miaka kumi na tano kwenye kiwanja cha shule ya msingi, filimbi shingoni, koni amezikata kutoka kwenye madumu. Hakusema kitu. Tukiwa njiani kurudi ndipo akafungua mdomo.

"Mpwa wangu, hata mimi nisingempa mzawa."

Nikasimama. Kwa sisi Waluguru mjomba si ndugu wa pembeni. Ukoo unapita kwa mama, na kiti cha mjomba humwendea mpwa. Akisema jambo, unalisikiliza mpaka mwisho.

"Si kwamba hajui mpira," akaendelea. "Mgeni akifungwa mechi mbili anapanda ndege. Mzawa akifungwa, mama yake anatukanwa sokoni. Nani atamlinda? Kama huna wa kumlinda, usimpe."

Tarehe 15 Novemba Yanga ilimwondoa Gamondi na nafasi yake ikaenda kwa Sead Ramović, Mjerumani kutoka TS Galaxy ya Afrika Kusini. Siku nne baadaye, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Taifa Stars iliifunga Guinea 1-0, bao la Simon Msuva, ikafuzu AFCON 2025. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, Morocco, mzawa ambaye naye alianza kwa kushikilia, Januari 2024, Adel Amrouche alipofungiwa na CAF katikati ya mashindano kule Ivory Coast. Kijiweni, kwa siku kadhaa, hakuna aliyecheka neno mzawa.

Ramović naye aliondoka Februari 2025 kwenda CR Belouizdad. Hakufikisha hata miezi mitatu. Basi wageni nao hushikilia tu; tofauti ni kwamba wao hushikilia kwa mkataba na mshahara kamili.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Novemba 2025, wiki chache kabla ya AFCON, Stars iliachana na Morocco. Aliyepewa timu kwa muda ni Gamondi yuleyule, na akaifikisha hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Siwezi kusema mzawa angefanya hivyo, na hakuna anayeweza kusema asingefanya.

Ndiyo maana nawaza Turiani, huko Mvomero kwenye miwa. Mtibwa Sugar ilikuwa bingwa wa Bara 1999 na 2000. Mecky Maxime aliyekuwa nahodha wake baadaye akawa kocha wake. Zuberi Katwila naye aliichezea, kisha akaifundisha, na 2018 akaipa Kombe la Shirikisho la nyumbani. Ni timu ndogo, na 2024 ilishuka daraja, kwa hiyo siileti kama ushahidi wa kushinda kesi. Naileta kwa sababu pale mtu aliachiwa muda wa kutosha kukosea na kujirekebisha akiwa bado kazini. Mtu unayemhesabia miezi miwili humpimi uwezo. Unapima subira yake.

Mjomba alikuwa na jibu la swali lake mwenyewe, ila hakulisema kwa maneno. Mwaka huu anadunduliza ada ya kozi ya leseni C. Kutoka hapo kuna B, kuna A, na umri wake anaujua. Nimemchangia kidogo kutoka kwenye hela yangu ya kujikimu. Nikamuuliza, akimaliza kozi atafundisha timu gani.

"Hiihii," akasema, akaendelea kukata madumu.