Timu Yetu ya Mpira wa Kikapu na Mechi Tano Zilizo Mbele

Kaka zetu mliokwisha kuondoka shuleni, muhula huu timu yetu ya mpira wa kikapu itacheza mechi tano za kirafiki kabla ya mashindano ya wilaya kuanza. Matokeo ya mechi hizo hayahesabiwi popote. Hayatatupa kikombe wala hayatatunyima. Walakini tangu ratiba ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mabwenini hakuna habari nyingine, na wako wanaotaka mechi ya nne, ile ya Mansa, ifutwe kabisa. Mimi hucheza chini ya kikapu, mwaka huu ni wa mwisho kwangu, na maoni ninayo. Nimeona afadhali niyaandike kuliko kubishana kila usiku taa zikiisha kuzimwa.

Kwanza niwaeleze hali ya timu, maana wengi wenu mliondoka wakati kiwanja kilipokuwa mchanga mtupu na mpira haukuweza kudunda mara mbili bila kwenda upande. Sasa tuna saruji. Imepasuka kidogo karibu na mstari wa adhabu, nasi tumezoea kuuruka ufa huo hata tukicheza kwingine twauruka vilevile, watu wakatucheka. Tuko wachezaji kumi na wawili. Mrefu wetu kuliko wote ana mita 1.88. Twakimbia vema, twakaba vema, na mpira ukigonga ubao twaupigania kama samaki wa mwisho sokoni. Kasoro yetu ni kutupa. Katika mitupo kumi ya adhabu twaingiza minne, na siku ya heri mitano. Alasiri upepo wa ziwa ukivuma, mitupo ya mbali ndiyo usiseme.

Anayetuongoza mchezoni ni kijana wa darasa la kumi na moja ambaye kwao ni Mantapala, yale makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2018 katika wilaya yetu ya Nchelenge kwa ajili ya watu waliokimbia vita huko Kongo. Mpira huu aliujua ng'ambo angali mdogo, kabla sisi hatujaona kikapu chenye wavu. Kibemba chake sasa chawashinda baadhi yetu tuliozaliwa hapa, na Kiswahili chake ndicho kinachosahihisha changu, pamoja na makala haya. Akidunda mpira hautazami hata kidogo. Hututazama sisi, nasi hujikuta tumekwisha kukimbilia mahali alipotaka. Asipokuwapo, tuko wakimbiaji kumi na mmoja wenye mpira. Hili likumbukwe, maana ndilo litakaloamua habari ya Mansa.

Mechi ya kwanza ni hapa nyumbani, dhidi ya vijana wavuvi wa Kashikishi. Tarehe yake ilipangwa kwa kutazama mwezi. Mnajua kwamba chisense, wale dagaa wetu, huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mkubwa. Siku za mwezi mpevu wavuvi wa chisense hushona nyavu na kulala usingizi, na mwalimu wetu wa michezo akawaalika siku hizo hizo. Wako wanaosema ingekuwa akili zaidi kuwaalika wakati wa giza, waje wakisinzia. Mimi sipendi ushindi wa namna hiyo, na isitoshe wasingekuja. Wana mabega ya kuvuta nyavu. Ukigongana na mmoja wao waona nyota mchana. Mwaka jana walituongoza hata nusu ya mchezo, kisha pumzi zikawaishia, maana mtu avutaye nyavu hakimbii. Tukikimbia tangu dakika ya kwanza tutawashinda kwa pointi kumi. Tukisimama kusukumana nao chini ya kikapu, tumekwisha.

Mechi ya pili ni Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, ambako kila mwaka mwishoni mwa Julai watu hukusanyika kwa Mutomboko. Sisi tutakwenda Juni. Wenyeji wetu ni wachezaji wa kandanda walioingia katika mpira wa kikapu juzi tu, na bado wakipokonywa mpira miguu yao ndiyo inayouendea kwanza. Tutashinda. Sina la kuongeza.

Ya tatu ni Kawambwa, na hapa nasitasita. Barabara yaacha bonde la Luapula na kupanda, yapita jirani na maporomoko ya Ntumbachushi, hata kufika kwenye uwanda wa juu ambako hulimwa chai. Ziwa letu liko mita zipatazo 920 juu ya bahari, na Kawambwa ni zaidi ya mita 1,200. Mwezi wa Juni asubuhi za huko zina baridi ambayo mtoto wa pwani ya Mweru haijui. Wenyeji hutoka kiwanjani wamevaa kaptura na kucheka. Sisi hutetemeka na vidole havishiki mpira. Tena wao huingiza mitupo yao ya adhabu. Mechi yetu na Kawambwa huisha kwa tofauti ya pointi tatu au nne, na nikihesabu mitupo ya adhabu tuliyopoteza mara ya mwisho napata tisa. Tangu hapo nahodha ametuamuru kila mmoja wetu atupe hamsini kabla ya chai ya asubuhi. Nadhani tutashinda kwa shida, lakini mtu akiniambia tutafungwa sitagombana naye.

Sasa Mansa. Ndugu msomaji, shule tutakayocheza nayo kule ina wanafunzi wengi kuliko sisi, kiwanja kizuri, na vijana wawili ambao ukisimama karibu nao watazama vifungo vya mashati yao. Mwaka jana walitufunga pointi 71 kwa 38. Ndiyo maana wengi hapa husema, ya nini kusafiri zaidi ya kilometa 200 kwenda kuaibika, wakati iko shule ya msingi upande wa Chiengi ambayo ingefurahi kutualika na kufungwa? Wanasema kipigo kikubwa wiki chache kabla ya mashindano kitatuvunja moyo.

Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye naona aupenda mchezo huu kuliko hesabu zenyewe, alitueleza jinsi vyuo vya Marekani vifanyavyo. Kule, kabla ya kucheza na vyuo vya kundi lao, hutumia Novemba na Desemba kucheza na vyuo vya nje ya kundi. Chuo kikubwa hualika kidogo, na mara nyingi humlipa huyo mdogo fedha nzuri aje apigwe mbele ya watu wa nyumbani. (Sisi hatulipwi, dizeli ya kwenda kupigwa twainunua wenyewe.) Mechi hizo haziingii katika hesabu ya kundi, lakini hutazamwa inapofika Machi na kuchaguliwa timu za mashindano makubwa. Kwa hiyo kila mwalimu wa timu huumiza kichwa: achague wanyonge apate ushindi mwingi, au wenye nguvu apate kujua alipo?

Kisha akatusimulia habari ya Chaminade. Hiki ni chuo cha Kikatoliki huko Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, na mwaka 1982 wanafunzi wake hawakufika 1,000. Tarehe 23 Desemba mwaka huo timu ya Chuo Kikuu cha Virginia, iliyohesabiwa kuwa ya kwanza katika Marekani yote, ilipita hapo ikitoka Japani. Ilikuwa na Ralph Sampson, mtu wa mita 2.24. Chaminade wakashinda, 77 kwa 72. Aliyepewa kazi ya kumkaba Sampson ni Tony Randolph, aliyepungukiwa naye kwa zaidi ya sentimeta 20. Lakini Randolph naye alizaliwa upande huo huo wa Virginia, na walikwisha kukutana kiwanjani walipokuwa vijana wa sekondari. Alimjua.

Baada ya hadithi hiyo nusu ya bweni walikuwa tayari kwenda Mansa kwa miguu. Mimi nilifurahi, lakini sikulewa. Chaminade walishinda siku moja, na vyuo vidogo vilivyopigwa pointi arobaini mwaka huo huo hakuna anayevitaja. Mimi sitaki Mansa kwa kutumaini muujiza. Naitaka kwa sababu katika mashindano ya wilaya, na tukipita, ya mkoa, ndio hao hao tutakaokutana nao, na ni vizuri kuwatazama vifungo vya mashati sasa kuliko siku ile. Mwaka jana robo ya kwanza peke yake tulifungwa 24 kwa 5, kwa kuwashangaa tu. Robo tatu zilizobaki, yeyote awezaye kujumlisha ataona, ilikuwa 47 kwa 33. Hiyo si aibu. Hiyo ni timu iliyochelewa kuamka.

Vikwazo viwili vya kweli vipo, na hakuna hata kimoja ambacho ni urefu. Cha kwanza ni gari. Nahodha alinituma kwa kaka yetu mmoja, mwanafunzi wa zamani ambaye sasa hununua samaki Kashikishi na kuwapeleka mjini kwa lori. Nilimkuta akihesabu magunia ya chisense wakavu.

"Mdogo wangu," akaniuliza bila kuinua kichwa, "mnakwenda Mansa kufungwa?"

"Labda, kaka."

"Kwa dizeli ya nani?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Akacheka hata akapoteza hesabu, akaanza tena gunia la kwanza. Mwisho akasema lori lake huondoka Alhamisi limejaa na kurudi Jumapili tupu. Kurudi atatuchukua bure, wote kumi na wawili na mwalimu. Kwenda, nafasi ipo juu ya magunia, nasi tufunge vitambaa puani. Bado hatujui kama Mkuu wa shule atakubali tukose masomo ya Ijumaa, wala kama wazazi watapenda watoto wao wasafiri juu ya mizigo. Ikiwa miongoni mwenu wasomaji yuko mwenye gari jingine liendalo upande ule siku ya Ijumaa, nahodha wetu yupo na atafurahi sana kumwandikia.

Kikwazo cha pili ni kibali. Mkimbizi hasafiri mbali na makazi bila ruhusa, na ruhusa aliyo nayo kiongozi wetu wa mchezo ni ya kuja shuleni. Ya kwenda Mansa ni nyingine. Barua imekwisha kuandikwa, na mwalimu wa michezo aliipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Jibu laweza kuja kesho, laweza kuja baada ya mechi. Mnajua nilivyosema: akiwapo tutafungwa pointi kumi, pengine nane. Asipokuwapo itakuwa thelathini na zaidi, na wale wanaotaka mechi ifutwe watakuwa na la kusema mwaka mzima. Nimeulizwa kama hata hivyo twende. Nimejibu ndiyo, lakini yeye mwenyewe aliposikia alininyamazia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mkienda bila mimi, msimpe mpira yule wa namba saba akiwa upande wa kulia," akanichorea mchangani njia zote za Mansa kama alivyozishika kichwani tangu mwaka jana. Mchoro ule nimeuhamishia katika daftari langu la jiografia, ambalo lina nafasi.

Mechi ya tano ni Mantapala kwenyewe. Huko hahitaji kibali chochote, maana ni nyumbani. Vijana wa huko wanacheza kwenye udongo uliopigwa ukawa mgumu, na wanatupa vizuri kuliko sisi. Mmoja akizuia mpira wa mwenzake humtikisia kidole, kama alivyofanya Dikembe Mutombo, yule mtoto wa Kinshasa aliyekwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari, akaishia kuwa mzuiaji mashuhuri hata alipofariki mwaka 2024 nchi mbili zikamlilia. Katika timu hiyo ya Mantapala yumo mdogo wake kiongozi wetu, wa tumbo moja. Watu wanamtania kila siku: utachezea upande gani? Mama yao atashangilia nani? Kuhusu mama hajibu. Kuhusu mdogo wake alisema jambo moja tu, tulipokuwa tukifua jezi: "Nitamkaba mimi mwenyewe. Ninyi hamjui kwamba akichoka hutumia mkono wa kushoto."

Kwa mechi hiyo nasema sare isingekuwa mbaya, kama mchezo huu ungekuwa na sare.

Tunaanza na wavuvi Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, mwezi ukiwa karibu kujaa. Mabenchi ya ukumbi yatatolewa nje. Atakaye kivuli aje mapema akae upande wa mwembe, lakini asiegemee nguzo ya kikapu. Rangi yake bado mbichi.