Randa ya mkono: chuma chakavu chenye faida kwa familia

Wazazi wengi wa Dar es Salaam hufika Keko, wilayani Temeke, wakitafuta kitanda cha mtoto, meza ya kusomea au kabati la nguo. Samani zimepangwa kando ya barabara, na nyuma yake mashine za kuranda na kupiga msasa zinanguruma. Vumbi laini hutua kwenye nywele za mafundi na kwenye nguo za watoto waliofuatana na wazazi wao.

Vumbi hilo si la kupuuza. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Kwa mtoto mwenye pumu, kifua kinaweza kubana siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo randa ya mkono inapostahili kuangaliwa upya. Kisu chake kikiwa kikali, hutoa maranda marefu yanayojikunja na kuanguka chini, na mbao hubaki laini kiasi cha kuhitaji msasa kidogo tu. Msasa ukipungua, vumbi nalo hupungua.

Randa nyingi za chuma huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa sababu ya kutu tu. Muundo wake ni wa zamani: Mmarekani Leonard Bailey aliubuni katika karne ya 19, na kampuni ya Stanley ikanunua biashara yake mwaka 1869. Miji kama Sheffield, Uingereza, ikatengeneza za aina hiyo hiyo.

Kabla ya kununua iliyotumika, kagua mwili wake. Ukiona ufa, iache. Kutu ya juu juu isikutishe. Fungua skrubu zote, loweka vipande vidogo vya chuma kwenye siki usiku mmoja, visugue kwa brashi ya waya, visuuze, vikaushe papo hapo na uvipake mafuta ya cherehani. Ikiwa ina rangi kuukuu, usiikwangue ikiwa kavu wala karibu na watoto, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Kisha nyoosha tako la randa. Chora mistari ya penseli juu yake, bandika msasa kwenye kioo kinene kilicholala sawa, halafu sugua. Mistari yote ikifutika, tako limenyooka. Kisu kinolewe kwa jiwe hadi kikate karatasi bila kuichana. Kipande cha chuma kinachokaa juu ya kisu kisiache upenyo, la sivyo maranda yatakwama humo.

Anza na kina kidogo sana, ukifuata ulalo wa nyuzi za mbao. Mbao ikichanika, geuza upande. Mninga uliokauka vizuri ukipita chini ya kisu kikali, sauti husikika kama karatasi inayokunjuliwa, na mazungumzo yanaendelea bila mtu kupaza sauti.

Randa haitaiondoa mashine Keko; oda ni nyingi na muda ni mfupi. Lakini fundi anaweza kumalizia kazi kwa mkono, na mzazi anaweza kumwomba afanye hivyo kwa kitanda cha mwanawe. Msasa wa mwisho upigwe nje, kwa barakoa, watoto wakiwa mbali.

Nyumbani, randa ilazwe ubavu, kisu kikiwa kimerudishwa ndani, mahali watoto wasipofika. Maranda nayo yana wenyewe: wafugaji wa kuku huyatandika bandani. Yakusanyeni pamoja na watoto, myatie kwenye gunia.